Re: Nimeambiwa nipunguze barua pepe kwenye kundi la wahasibu

Ndugu, umeuliza kama ni kosa kuchangia kila mada. Kuchangia si kosa. Kinachochosha ni zile "Asante mkuu" na "Naunga mkono hoja" zinazolia kwenye simu za watu wako kikaoni. Hizo mtumie aliyeandika peke yake. Ila kabla hujabonyeza tuma, tazama anwani: makundi mengi jibu huenda kwa wote, hata ukidhani unamjibu mmoja. Mwongozo wa RFC 1855, ule wa adabu za mawasiliano ya mtandaoni, ulilionya hilo tangu 1995 na bado tunaumbuka (mimi niliwahi kumwomba jamaa anikopeshe 50,000, kundi zima likasoma). Ukiwa na hoja tatu, ziweke kwenye barua moja. Na ule mkia wa barua za nyuma ufute, bakiza mistari unayoijibu tu.