Rafiki Yangu Anamtafuta Kristu, na Swali Lake Limenigeukia

SWALI: Tumsifu Yesu Kristu, Padre. Nauza vitenge pamoja na binti aliyekulia nyumba ya matambiko. Marehemu babu yake ndiye aliyetambikia ukoo. Siku hizi ananiuliza sana habari za Yesu. Juzi nilimwambia aachane na mambo ya kwao, akanijibu: "Mimi nimerithi ya babu, wewe ya mama yako. Tofauti iko wapi?" Nikakosa la kusema. Je, abatizwe Pasaka hii, kabla ndugu zake hawajamrudisha nyuma?

JIBU: Milele amina. Swali lake ni la haki, usilikwepe. Kupokea imani kwa mama si aibu. Paulo anamtajia Timotheo imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Ila Wasamaria wa Yohana 4, walioanza kuamini kwa maneno ya yule mwanamke aliyekutana na Yesu kisimani, baadaye walimwambia kwamba sasa wanaamini kwa kuwa wamesikia wenyewe. Wewe umefika hapo? Kama bado, mwambie hivyohivyo, kisha msome wote Injili ya Marko. Ni fupi, mtaimaliza mkisubiri wateja.

Kuhusu Pasaka hii, hapana. Kanuni ya 865 ya Sheria za Kanisa inadai mtu mzima aonyeshe mwenyewe nia ya kubatizwa, afundishwe, na ajaribiwe katika maisha ya Kikristo kwa njia ya ukatekumeni, yaani kipindi cha maandalizi ya ubatizo. Ukimkimbiza ili kuwawahi ndugu zake, utakuwa umembebesha imani ya mtu mwingine, jambo lilelile analolihoji.

Mtakatifu Monika naye alikuwa na haraka. Mwanawe Augustino alipojiunga na Wamani, wafuasi wa dini ya Mani, mama huyo alimsihi askofu mmoja akabishane naye. Askofu akakataa: mwache, mwombee tu, atagundua mwenyewe kwa kusoma. Alijua anachosema, maana yeye pia alikabidhiwa kwa Wamani na mama yake akiwa mdogo, akasoma na hata kunakili vitabu vyao, akaachana nao bila kubishana na mtu. Monika hakuridhika, akazidi kulia na kusihi hadi askofu akachoshwa naye! Augustino alibatizwa Milano mwaka 387, miaka mingi baadaye.

Halafu babu yake. Usimseme vibaya. Binti huyo akikuuliza kama mzee amepotea, usijifanye hakimu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Lumen Gentium namba 16 (1964), unafundisha kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri zao, waweza kuupata wokovu. Kuitolea mizimu sadaka itabidi aache, sifichi. Ila hilo atalizungumza na katekista kwa wakati wake. Kuwaheshimu wazee wake, na kwenda kwao kwenye misiba, kunabaki palepale.

Kwa sasa mwalike kwenye jumuiya ndogondogo yenu, akae asikilize. Msimpe fungu la kusoma wala zamu ya kuongoza rozari. Akiwa tayari, nendeni wote kwa katekista, na akiulizwa kwa nini amekuja, mwache ajibu mwenyewe.