Siyo kila mtu ni wa mpira, na mimi nilichelewa kulijua

Wiki iliyopita msomaji wangu wa Mbeya aliniandikia. Amejiunga na timu ya ofisini kwao apunguze kitambi, lakini Jumamosi ikikaribia tumbo linamvuruga. Akikosea pasi anazomewa, akirudi nyumbani hata chakula hakipiti. "Kaka, niache michezo?" ndilo swali lake.

Ujumbe wake niliusoma nikiwa kwenye daladala. Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikakauka. Mtu huyo ni mimi.

Nimekulia Morogoro, nikiwa mdogo wa kaka aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la utani. Kaka alicheza namba kumi, akiongea na refa, na mashabiki, na nadhani hata na mpira wenyewe. Basi nami nikavalishwa jezi, hakuna aliyeniuliza. Sikuwa mbovu. Mazoezini tukiwa watano sita nilipiga danadana vizuri tu. Shida ilikuwa watu. Wakishajaa pembeni ya uwanja, nilisikia kila neno lao na miguu ikasahau kazi yake.

Nikiwa kidato cha tatu, kwenye mchujo wa timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nilipiga penalti ikapaa hadi kwenye shamba la mihogo. Mwalimu wa michezo akasema mbele ya wote, "Huyu mwoga, msimpe mpira tena." Imepita miaka 21. Nakumbuka hadi rangi ya shati alilovaa siku ile.

Nikaacha mpira, na pamoja nao nikaacha kila kitu chenye jasho. Miaka iliyofuata haina la kusimulia: kazi, ndoa, chipsi, kilo 94.

Kilichoninyanyua ni presha. Daktari alisema nitembee, nikaanza kutoka saa kumi na moja alfajiri, kabla majirani hawajaamka. Kutembea kukawa kukimbia. Siku moja nikagundua nimekimbia kilomita 6 bila kumwomba mtu yeyote msamaha. Hakuna wa kumwangusha, hakuna wa kunipigia kelele. Ni mimi na pumzi yangu, na mbwa mmoja wa Tabata tunayeheshimiana.

Marafiki wakanivuta kwenye klabu ya jogging. Watu wazuri, sina neno nao: fulana za rangi moja, nyimbo za mchakamchaka, ngoma, na mwisho supu. Nilidumu Jumapili tatu. Nilikuwa narudi nimechoka kuliko nikikimbia peke yangu mara mbili ya umbali ule, na uchovu wenyewe haukuwa wa miguu. Mke wangu kinyume changu kabisa. Anacheza netiboli, na nusu ya mchezo wake uko mdomoni. Alijaribu kukimbia nami siku mbili, ya tatu akaniambia amechoka kunyamaza.

Mwaka huu nimemaliza nusu marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi, kilomita 21.1, kile kilima cha Mweka chote, kwa saa 2 na dakika 19. Medali nimeitundika sebuleni, mahali ambapo kaka akija lazima aione.

Wanasaikolojia wameyachimba mambo haya muda mrefu. Marvin Zuckerman wa Marekani alianza miaka ya 1960 kupima kiu ya msisimko, ile inayomsukuma mtu kwenye miamvuli ya angani na kukwea majabali huku mwenzake akiridhika na mchezo wa bao. Tafiti nyingine zimekuta kwamba wachezaji wa timu, kwa wastani, ni wachangamfu zaidi ya wale wa michezo ya mmoja mmoja. Nasisitiza wastani. Wapo wanasoka wakimya kama mtungi.

Hata ndani ya mchezo mmoja watu hawafanani. Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi, kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, aliongoza mita 1500 tangu mwanzo, wote wakimfukuza, akavunja rekodi ya dunia kwa 3:32.16. Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025 kwa kuvizia: alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa, tofauti ikiwa sehemu 3 za mia za sekunde. Tabia zao za nyumbani sizijui. Ila ningeambiwa nikimbie kama Bayi, dunia nzima ikiutazama mgongo wangu, ningejificha vichakani.

Na tuache kudhani ngumi ni za wagomvi. Jamaa yangu anayefundisha vijana Manzese ananiambia wenye hasira ndio huisha pumzi raundi ya pili. Wanaodumu kwake ni wale wa kurudia ngumi ileile mara mia bila kununa.

Kwa hiyo, wazazi, nawaomba. Mtoto akiukimbia uwanja, msikimbilie kumwita mwoga. Muulizeni kinachomuuma ni nini: kutazamwa, kuguswa, kusubiri, au kushindwa pamoja na wenzake? Kila mchezo unadai kitu katika hayo, na mtoto anajua kipi hakiwezi, ila hana maneno ya kukisema. Mimi sikuwa nayo. Nikapoteza miaka yangu mizuri ya mapafu kwa sababu ya sentensi moja ya mtu mzima aliyetaka kombe.

Nawe ndugu yangu wa Mbeya, michezo usiache. Iache hiyo timu. Jipe mwezi mmoja wa kitu cha peke yako, baiskeli au mbio, na huko kwenu vilima ni vya bure. Ukiona unaukumbuka mpira wenyewe, basi kelele ndizo zilizokuwa zinakuumiza. Tafuta marafiki wanne mcheze pasipo na watazamaji. Usipoukumbuka, umeshapata jibu. Na ofisini wakiuliza, waambie goti linauma. Mimi nimelitumia goti hilo miaka 14.