Damu iliyoganda mguuni na bakteria wa tumboni

SWALI: Shikamoo Bibi Sista. Nina miaka 46, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mwezi wa nne nilirudi na basi kutoka Dar, mguu wa kushoto ukavimba. Hospitali wakakuta damu imeganda kwenye mshipa, sasa nameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni. Shemeji amesoma kwenye simu kwamba bakteria wa tumboni ndio wanaogandisha damu. Ananiambia niache vidonge na samaki, ninywe mtindi. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa: usiache warfarini. Kidonge cha leo kimeze saa ile ile uliyozoea.

Habari aliyosoma shemeji ina ukweli wake. Utumboni wapo bakteria wanaokula kolini, kirutubisho kilichojaa kwenye kiini cha yai na maini. Wakiila hutoa gesi ya trimethilamini. Wewe unaijua kwa pua, ni harufu ya sangara aliyelala bila barafu. Ini huigeuza gesi hiyo kuwa kitu kiitwacho TMAO, nacho huingia kwenye damu. Mwaka 2016 mtafiti Stanley Hazen na wenzake wa Cleveland, Marekani, walionyesha kwamba TMAO huzitia chembe sahani haraka ya kushikana. Chembe hizo ndizo hukimbilia kuziba kidonda. Mwaka uliofuata waliwapa watu 18 vidonge vya kolini, miligramu 450 kwa siku, kwa miezi miwili. TMAO yao ikapanda zaidi ya mara 10.

Ila ushahidi mwingi wa TMAO unahusu mishipa inayotoa damu kwenye moyo, yaani shambulio la moyo na kiharusi. Wako ni mshipa wa kurudisha damu, ambayo ilituama ulipokaa kitini tangu alfajiri. Samaki usiache. Wa baharini wana TMAO tayari mwilini, na hata sangara wetu amekutwa nayo, lakini dagaa kwa ugali ni chakula ambacho nisingekiondoa kwenye nyumba yoyote. Mtindi kunywa ukipenda. Hauyeyushi damu iliyoganda.

Sasa nikwambie mahali ambapo bakteria wa tumboni wanakugusa wewe hasa. Baadhi yao hutengeneza vitamini K, ambayo ini huitumia kugandisha damu, na warfarini kazi yake ni kuizuia. Ukinywa antibayotiki unawaua. Tena antibayotiki kama Flagyl na Septrin hulizuia ini lisiivunje warfarini, kwa hiyo dawa hulundikana mwilini na damu huweza kukosa nguvu ya kuganda.

Hili limenipata nyumbani. Kaka yangu, mvuvi wa Igombe, alikuwa kwenye warfarini. Akaharisha, akanunua Flagyl duka la dawa bila kusema anatumia nini. Siku ya sita fizi zikawa zinatoka damu na choo cheusi kama lami. Tulimkimbiza usiku kwa bajaji, akapona. Mimi dada yake, muuguzi wa miaka 31, sikuwa nimemwonya. Ndiyo maana nakusihi wewe: kadi ya kliniki iwe kwenye mkoba, uionyeshe kabla hujatoa hela ya dawa yoyote, hata ya meno, hata ya maumivu. Ukilazimika kunywa antibayotiki, rudi upimwe INR, kile kipimo cha damu yako inachukua muda gani kuganda, baada ya siku chache.

Mchicha na kisamvu vina vitamini K nyingi. Kula, ila kwa kiasi kile kile kila wiki, usishinde mwezi bila kuvila kisha ukala sufuria zima. Pumzi ikibana ghafla, kifua kikichoma, au ukiona damu isiyokata, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Na safari ijayo ya Dar, basi likisimama Shinyanga, Singida, Dodoma, shuka utembee. Ukiwa kitini kunja na kunjua nyayo, na maji unywe, usijinyime kwa kuogopa choo cha njiani.