Fundi mstaafu hasomi tangazo lako

Wewe uliyekabidhiwa juzi kazi ya kuajiri kwenye kiwanda kidogo, bosi akakwambia "nitafutie fundi aliyekomaa", najua utakachofanya, kwa sababu nilikifanya mimi. Nilifungua faili la matangazo ya zamani, nikanakili moja, nikabadilisha cheo na tarehe. Ndani yake kulikuwa na mstari ambao hata sikuusoma: "mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45." Mstari huo umezoeleka kwenye matangazo ya ajira za serikali, na sisi wa sekta binafsi tunauburuta tu bila kujiuliza unatafuta nini kwetu. Barua zilikuja bahasha kwa bahasha. Vijana wazuri, vyeti safi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua mashine ya kukamua alizeti akairudisha ikafanya kazi.

Anza kwa kuufuta huo mstari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inautaja umri waziwazi kati ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwayo. Ila usijidanganye kwamba ukishaufuta wazee watamiminika. Hawasomi tangazo lako. Likibandikwa mtandaoni hawalioni, na likibandikwa getini wanadhani ni la watoto wao.

Mimi nafanya kazi Morogoro, na huku tuna bahati. Karakana kubwa ya reli ipo hapa miaka yote, na kuanzia miaka ya 1970 mji ulijengewa viwanda vya viatu, turubai, ngozi na nguo. Vingi vilikufa. Watu wake hawakufa. Kijana aliyeingia karakana mwaka 1985 akiwa na miaka 20 leo ameshafikisha 60, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma. Wa hiari ni 55. Mtu wa 60 bado anapanda baiskeli kutoka Kihonda hadi mjini na kurudi. Na mara nyingi fedha anaihitaji. Mwaka 2022 kikokotoo kipya cha pensheni kiliweka mkupuo, yaani fedha mstaafu anayolipwa kwa mara moja, kwenye asilimia 33 ya mafao, wakati wastaafu wa baadhi ya mifuko ya zamani walitarajia nusu. Ingawa baadaye uliongezwa, wengi nyumba zao zimesimama kwenye lenta mpaka leo.

Sasa unawapata wapi? Nenda kwa muuza vipuri. Hili nilijifunza kwa kuchelewa, baada ya kuzunguka ofisi za watu wenye tai. Mwenye duka la beringi na mikanda anajua fundi gani hununua kitu mara moja kikakaa, na yupi hurudi kila wiki na beringi iliyoungua. Nilimuuliza mmoja: "Mashine yako ingekufa usiku, ungemwita nani?" Akataja jina moja bila kufikiri. Jioni hiyohiyo nikapewa jina lilelile na mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi cha VETA. Jina likitoka midomo miwili isiyofahamiana, lifuate.

Lifuate nyumbani, tena kwa adabu. Usipige simu ukajitambulisha kwa cheo. Mimi nilimtuma kwanza mtu anayesali naye, ndipo nikaenda. Nilimkuta kwenye bao. Nikaamkia, nikakaa, nikasubiri mchezo uishe. Alinitazama akauliza, "Mwanangu, hiyo mashine inalia vipi?" Sikujua. Nilikuwa na fomu ya maswali kumi na mawili na hakuna lililohusu mlio.

Usaili ndipo tunapowapoteza. Msaidizi wangu alimwuliza mzee mwingine swali la vitabuni: miaka mitano ijayo unajiona wapi? Mzee akajibu, "Shambani au kaburini, Mungu ndiye mpangaji." Tulicheka, lakini yeye alishaudhika na hakurudi. Wasifu wa kazi wasikuandikie. Wengi walioingia kazini enzi zile hawajawahi kuandika. Kaa naye, mwache asimulie, uandike wewe. Kisha mpeleke kwenye mashine.

Yule wa bao tulimpeleka. Hakugusa kitu kwa muda mrefu. Akaomba bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye nyumba ya beringi na mpini akaubana sikioni, macho kafumba. Akahama upande wa pili, akasikiliza tena. Akasema huku kuzima, kule kumekwisha, na shafti imepinda kwa sababu mliifunga mkanda mkali mno. Tulifungua. Upande alioutaja, vigololo vilikuwa vimeliwa. Katika miezi minne tulikuwa tumebadilisha beringi zote mbili mara tatu, tukimlaumu muuzaji.

Kabla ya kumfuata mtu wa namna hii, uwe umeshakubaliana na bosi wako utampa nini, maana mkataba wa kijana haumfai. Yule mzee alitaka siku tatu kwa wiki. Alitaka apishwe masika, Machi hadi Mei, yuko shambani. Alitaka siku ya kliniki ya presha isikatwe. Na msiba ukitokea kwao yeye ndiye mkubwa wa ukoo, posa ikija yeye ndiye anayekaa mkekani, kwa hiyo ataondoka na hutamzuia. Mhasibu wetu aliona huo ni usumbufu. Nilimwomba apige hesabu ya siku ambazo kiwanda kilisimama mwaka ule, akanyamaza. Sheria inatambua mkataba wa kazi maalumu. Uandike kwa Kiswahili, ataje mwenyewe kazi anayoikubali, na jina lake lifikishwe kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kama la mwingine yeyote. Chuma hakiulizi umri kinapodondoka.

Vitu vidogo vinagharimu kidogo: taa kali juu ya meza ya kazi, kiti, miwani ya kusomea. Kubeba ni kazi ya vijana.

Kosa lililoniumiza zaidi lilikuja baadaye. Tulimwajiri mzee wa pili "afundishe vijana", tukampa wawili, tukadhani tumemaliza. Miezi ikapita vijana hawajui kitu. Kila ilipofika sehemu ngumu aliwatuma wakalete matambara. Nilimwona mchoyo, hata nikamsema kwa bosi. Siku moja tukinywa chai akaniambia polepole: "Hawa wakijua, mimi ninabaki wa nini?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Tulibadilisha malipo: mshahara wake ukabaki palepale, ila kila kijana akiweza kubadilisha beringi na kunyoosha mkanda peke yake, mzee akiwa ameketi tu, mzee analipwa nyongeza, na mkataba wake hauguswi hadi mwisho wake. Baada ya hapo akawa anawafokea wakichelewa.

Na usitafute wanaume tu. Nilichelewa kulifikiria hili. Kina mama waliokaa miaka ishirini kwenye ukaguzi wa vitambaa au stoo wako kwenye vikoba mtaani, wanashika hesabu za wenzao bila senti kupotea. Stoo yetu leo inashikwa na mama mmoja wa hivyo. Anayekuja kuchukua grisi bila saini anaitwa kwa jina la baba yake.

Namba zao ziandike kwenye daftari pamoja na jina la jirani au mjukuu, kwa sababu simu ya mzee mara nyingi haina chaji, au iko kwa mtoto anayecheza gemu. Piga jioni, baada ya taarifa ya habari.