Waliotoka Iowa, na mimi niliyeingia

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma. Umenipangia wakubwa waliotoka Iowa, jimbo hili la Marekani nililopo: Rais Hoover, John Wayne wa sinema za kauboi, na yule Borlaug wa mbegu za ngano aliyepewa Nobel ya Amani 1970. Ukamalizia, "Kaka, uko kwenye ardhi ya watu wazito, mbona sisi watudondoshea vijisenti?" Nilicheka. Halafu zikanipanda.

Hilo neno "waliotoka" umelisoma vizuri? Walitoka kweli. Hoover alizaliwa West Branch 1874, mtoto wa mhunzi, nyumba ya vyumba viwili. Nimeingia humo, haifiki hata ukumbi wa Bibi pale Ngamiani. Akafiwa na baba, akafiwa na mama, na miaka kumi na moja akapandishwa treni kwenda kwa mjomba wake Oregon. John Wayne alizaliwa Winterset 1907, akaondoka mdogo. Huo ung'ombe-ung'ombe wa sinema aliufanyia California. Borlaug naye ngano yake aliipatia jina Mexico.

Waliobaki ni mahindi na nguruwe. Nguruwe ni wengi kuliko watu, tena mara kadhaa. Mahindi ni ya njano, mengi ya kulishia nguruwe hao na kutengenezea mafuta ya gari.

Na nguruwe, mdogo wangu, lazima apatikane wa kuwakata. Ndiye mimi.

Haya, ushajua. Natenga bega na mfupa, bega na mfupa, saa nane kwa siku, mkono mmoja kisu, wa pili glovu ya nyuzi za chuma. Ndani baridi ya friji. Mkanda unaopitisha nyama haumsubiri mtu; hata kwenda chooni naomba ruhusa kama mtoto wa darasa la kwanza. Asubuhi vidole vimekunjika, navifungua kimoja kimoja kwenye maji ya moto. Naoga, nasugua ndimu, nasimama kuswali, na harufu bado naisikia puani. Ramadhani iliyopita nilifuturu tende tatu nimekaa kwenye benchi la kubadilishia nguo, buti zina damu. Siku hiyo ndiyo uliyoniandikia kwamba hela imechelewa.

Usije. Ile minazi ya Pangani usiiuze kwa ajili ya nauli, nitakulaani. Jifunze kuchomelea vyuma, hapo mjini kazi ipo.

Lakini njia ya halali ikikufungukia, usiikatae kwa maneno yangu, mimi nimechoka tu leo. Njoo Januari, baridi uione siku ya kwanza, uikasirikie mapema. Godoro lipo. Na kiwandani kwangu usiombe kazi, hata ukinilia.

Hela ya dawa nimetuma jana, na ya bati pia. Mama akiuliza kazi yangu, mwambie niko kiwandani. Akiuliza kiwanda cha nini, mwambie simu inakatika.