Kabla ya Nadharia, Nenda Deep Sea

Msimu wa maombi ya uzamili ukifika, simu yangu haitulii. Wengi wanaonitafuta ni vijana wa hapa hapa Tanga waliomaliza shahada ya kwanza ya Kiswahili, na baadhi yao tayari ni walimu wa sekondari huko Muheza na Korogwe. Swali lao halibadiliki sana: "Mwalimu, nataka nisome semantiki, nifuate uamilifu. Nadharia ipi itanifaa?" Yaani wanataka kuchunguza maana katika lugha, kwa kuangalia kazi ambayo lugha inawafanyia watu. Jibu langu nalo halijabadilika kwa miaka mingi, na leo naliandika kwa kirefu. Tafuta mazungumzo ya watu kwanza, uyarekodi, uyanukuu, yaani uyaandike neno kwa neno, uyajue kama unavyojua njia ya kwenu. Nadharia utaichagua baadaye, ukiwa tayari na jambo linalokusumbua.

Wapo wanaodhani hii ni njia ya kukwepa kusoma. Sivyo. Isimu amilifu yenyewe imezaliwa hivyo. Bronisław Malinowski, Mpolandi aliyekuja kufundisha London, aliishi kwenye visiwa vya Trobriand huko Pasifiki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikwenda kusoma maisha ya watu, na alipojaribu kutafsiri maneno ya wavuvi waliokuwa mitumbwini wakilizingira kundi la samaki, akaona maneno peke yake hayamfikishi msomaji popote. Mpaka ujue mitumbwi imekaaje, nyavu zinashushwa saa ngapi, nani anamwamuru nani. Mwaka 1923 akachapisha makala kuhusu maana, na humo wazo la muktadha wa tukio likapata jina. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth akalichukua na kulifanya la wanaisimu, kisha mwanafunzi wake, M. A. K. Halliday (1925–2018), akalijengea sarufi nzima.

Huyo Halliday vijana wanamjua kwa michoro yake ya mifumo, ile inayowatisha kwenye semina. Wachache wanajua alikotokea. Kabla hajawa na nadharia ya kwake alikuwa China, na mwaka 1949 hadi 1950 alikuwa mwanafunzi wa mwanaisimu Mchina Wang Li, akishiriki kukusanya lahaja za delta ya mto Pearl. Tasnifu yake ya uzamivu, Cambridge 1955, ilihusu matini ya Kichina cha zamani. Sarufi ya Kiingereza iliyompa jina duniani ilikuja kitambo baada ya hapo. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kukaa na wasemaji ni kazi ya wanaoanza tu, usimsikilize.

Nieleze kwa mfano, kwa sababu ushauri mtupu hauna faida. Soko la samaki la Deep Sea, hapa mjini, ni mahali pazuri pa kusikiliza Kiswahili kinachofanya kazi. Vyombo vinaingia asubuhi, samaki wanashushwa, mnada unaanza, watu wanasema kwa sababu wana haja ya kusema. Kwenye rekodi zangu za huko kuna mistari miwili ambayo nimeifundishia mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Mnunuzi mmoja anashika mkono wa ndoo na kuuliza:

"Ndoo hii kaileta nani, jamani?"

Kijana aliyechuchumaa pembeni anajibu bila kuinua kichwa:

"Kaileta Bakari, mjomba."

Kiima cha swali hilo, yaani mtenda wa kitenzi chake, kiko wapi? Mwanafunzi aliyezoeshwa kwamba kiima ndicho kinachotangulia atasema ni ndoo. Kitenzi kinamkatalia. Ile ka-, ambayo sisi wa pwani tunaitumia pale ambapo vitabu vina ame-, ni ya mtu, na ndoo imewekewa -i- yake katikati ya kitenzi, mahali pa yambwa, yaani kinachotendwa. Ndoo basi imetangulia na wala si kiima. Imetangulia kwa kuwa iko mbele ya macho ya wote na ndiyo inayozungumzwa, na kisichojulikana, yaani aliyeileta, kimewekwa mwisho. Jibu linafuata mkondo huo huo: Bakari ndiye kiima, lakini amekaa nyuma ya kitenzi kwa sababu yeye ndiye habari mpya.

Sasa hamisha tukio. Mtoto anaingia nyumbani na kusema, "Bakari kaleta ndoo." Hapo Bakari ndiye anayejulikana, na -i- haipo kwa kuwa ndoo ndiyo kwanza inatajwa. Akisema, "Bakari kaileta ndoo," unajua mara moja kwamba waliomo ndani walikuwa wakiingoja, au angalau walishaizungumzia. Bakari ni yule yule, ndoo ni ile ile, kuletwa ni kule kule. Kilichobadilika ni hesabu ya msemaji kuhusu kile ambacho msikilizaji wake tayari anacho kichwani. Hesabu hiyo ni sehemu ya maana, na Kiswahili kimeipa mahali ndani ya kitenzi. Mimi nikifika hapa darasani huwa siwezi kukaa kitini.

Bado neno "jamani" la yule mnunuzi. Halliday alifundisha kwamba kishazi, yaani kitenzi na vinavyoandamana nacho, hubeba maana za aina tatu kwa pamoja: ya tukio lenyewe, ya uhusiano wa wanaosemezana, na ya mpangilio wa taarifa. Ndoo na Bakari tumeshawaona kwa upande wa tukio na wa mpangilio. Liondoe "jamani" sasa, ubakize "Ndoo hii kaileta nani?" Mnadani, samaki wakiwa wameshaanza kulegea, swali hilo linakaribia kuwa shutuma, na mwenye ndoo atajihami. "Jamani" linawakusanya wote waliopo, halimnyooshei mtu kidole. Ushahidi kwamba limefanya kazi hiyo hauutoi kichwani mwako, unautoa kwenye jibu: kijana katoa jina bila kusita, na kamwita mwenzake mjomba. Namna alivyopokea msikilizaji ndiyo hoja yako kubwa unapoandika kuhusu maana. Mitihani ya semantiki hutuzoesha kujiuliza sisi wenyewe sentensi ina maana gani, na jambo hilo lina nafasi yake, ila mtafiti wa uamilifu anayejiuliza mwenyewe tu atabaki na lugha ya mtu mmoja.

Nakwenda kwenye unukuzi, na hapa nawaomba mnivumilie kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa. Dakika moja ya mazungumzo ya watu wanne wanaokatizana inaweza kukumalizia saa nzima. Utarudisha nyuma, utasikiliza, utaandika, utafuta. Usimpe mtu mwingine kazi hiyo ukidhani unaokoa muda. Mambo karibu yote niliyowahi kuyachapisha niliyaona nikiwa na vipokea sauti masikioni, nikirudia kipande kile kile. Kuna programu ya bure inaitwa ELAN, imetengenezwa na Taasisi ya Max Planck iliyoko Nijmegen, Uholanzi. Inaunganisha sauti na mstari ulioandika, ukibonyeza mstari unamsikia msemaji mwenyewe. Ukitaka kutazama kiimbo, yaani sauti inavyopanda na kushuka, kuna Praat, nayo ni ya bure. Hifadhi nakala zaidi ya mahali pamoja, na moja isikae nyumba moja na kompyuta yako.

Tafadhali, msisahihishe watu. Nimesoma tasnifu za vijana wenye akili ambao mvuvi kasema kaileta, wao wameandika ameileta. Mama kasita, kajirudi, kaanza upya, wao wameandika sentensi moja iliyonyooka. Kusita kule, kujirudi kule, ndiko kunakoonyesha mtu anachagua. Ukiyafuta hayo umefuta data, na hakuna msimamizi atakayeweza kukurudishia.

Kuhusu jinsi ya kurekodi, aliyenifunza zaidi kwa maandishi yake ni Ruqaiya Hasan, mzaliwa wa India aliyefundisha Macquarie, Sydney. Alichunguza mazungumzo ya akina mama 24 na watoto wao wadogo, na mama wenyewe ndio waliorekodi wakiwa nyumbani, kwenye shughuli zao za kila siku. Mtafiti hakuwa amesimama mlangoni na daftari. Akalinganisha namna mama wanavyouliza na kujibu, na akaonyesha kwamba familia za kazi na hali tofauti huwa na mazoea tofauti ya maana, hata zikiwa na lugha moja. Soma kazi zake. Kisha fikiria nyumba za Ngamiani, barabara ya kwanza hadi ya mwisho, bibi, mjukuu na dada wa kazi wakiwa uani, na ujiulize nani anamweleza mtoto sababu na nani anamwamuru tu.

Vibali havikwepeki. Chuo kitakupa barua, utaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, utateremshwa wilayani, kisha kata na mtaa. Nenda na nakala za kutosha. Lakini muhuri haukupi ruhusa ya mtu. Mweleze kila unayemrekodi unafanya nini, sauti itakaa wapi, na kwamba akitaka kipande kifutwe kitafutwa. Sokoni hiyo ina maana ya kwenda mara kadhaa bila kinasa sauti, kunywa kahawa, kujulikana wewe ni mtoto wa nani. Wazee wa pwani wanataka kukujua kabla hawajakupa neno, na wana haki.

Nami nina hamu yangu, niiseme wazi: nataka vijana wa Tanga wafanye kazi hii kwa lugha za Tanga. Kimtang'ata, lahaja ya Kiswahili ya Tongoni na pwani ya kuelekea Pangani, W. H. Whiteley alichapisha kitabu kidogo juu yake mwaka 1956. Kipo Kidigo, kipo Kibondei, Kisambaa, Kizigua, Kisegeju. Ukiwa na swali lile la ndoo, je, Kidigo kinafanya nini na yambwa iliyotangulia? Kisambaa je? Bibi yako anaweza kukujibu jioni ya leo. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, yaani hazina ya matini kwenye kompyuta, iliyojengwa chini ya Arvi Hurskainen, ina maneno yapatayo milioni 25 na nimeitumia sana kuhesabia, lakini msingi wake ni maandishi: magazeti, vitabu. Mnada wa samaki haumo. Huo ni juu yetu sisi.

Msimamizi mchague kwa kuangalia kama anasikiliza data. Mpelekee ukurasa mmoja wa unukuzi wako kabla ya pendekezo la utafiti. Akiusoma na kukuuliza maswali, mfuate. Akikimbilia kukuuliza kiunzi cha nadharia, mheshimu, kisha tafuta mwingine.

Ajira nitaieleza bila kuipamba. Nafasi za uhadhiri msaidizi ni chache, na matangazo mengi yanataka GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili. Aliye mwaka wa kwanza na ananisoma, alama zako za semesta hii zinaingia kwenye hesabu hiyo. Ukishaingia, kupanda kwako cheo kunategemea machapisho. Kwa Kiswahili tuna majarida ya kuaminika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kama Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha; tuma huko, pokea masahihisho, tuma tena. Watu waliosomea maana wanahitajika nje ya chuo pia: kwenye tafsiri na ukalimani, hasa tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi ya SADC mwaka 2019 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022, kwenye kamusi, kwenye mitaala, na sasa hivi kwa wanaotengeneza programu za kutambua sauti za Kiswahili. Hao wa mwisho wanatafuta hasa watu wenye mkono wa unukuzi.

Na kwa walimu mlio kazini, msiache mshahara kwa pupa. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa Tanga, na uzamili unaweza kuusoma ukiwa unafundisha. Data mnayo hapo shuleni. Anza na ofisi ya walimu, saa ya chai, kwa ruhusa ya wenzako, nusu saa tu. Inukuu yote mwenyewe. Weka alama kila mahali yambwa ilipotangulia, angalia kama ina kiambishi chake kwenye kitenzi au haina, na uandike pembeni wenzako walikuwa wanajua nini wakati huo. Ukifika mahali ambapo kiambishi kipo na hukitarajii, nitumie kipande hicho.