Fonti yenye mikia imemshinda bibi kusoma

SWALI: Assalaam alaykum. Mie nna steshenari ndogo hapa Chake Chake, natengeneza kadi za harusi. Juzi nikapata fonti ya mlalo, herufi zimeinama upande, nzuri wallahi, kama imeandikwa kwa kalamu ya mwanzi, ina vijino na mikia, nikaipiga kadi nzima majina mpaka namba za simu. Kwenye kompyuta imependeza, zilipotoka bibi wa bwana harusi kaiweka mbali kaiweka karibu wapi, na wageni wengine wakaishia ukumbi mwengine. Kosa la printa au langu?

JIBU: Waalaykumu salaam dada yangu. Printa muachie, kosa lako lakini dogo. Fonti hiyo imechorwa kwa maneno machache makubwa. Itazame ile n, mstari wa kushuka mnene, wa kupanda mwembamba kama uzi, sasa ukiipiga pointi 60, pointi ndo kipimo cha ukubwa wa herufi, ule uzi ndo uzuri wenyewe, ukiipunguza mpaka pointi 9 uzi unakatika, na kama karatasi ina vinyweleo na wino wa dhahabu basi tena. Si umesoma chuoni? Thuluthi, ule mwandiko wa Kiarabu wa mapambo, tunaiona ukutani na kwenye vichwa, ndani ya msahafu naskhi, mwandiko mwepesi kusomeka. Ndo hayo hayo.

Atatokea mjuzi akwambie mbona Aldus Manutius, mchapaji wa vitabu kule Venice, mwaka 1501 kachapa kitabu kizima cha Virgil, mshairi wa Kirumi, kwa mlalo. Kweli, ila zile herufi alizomchongea fundi Francesco Griffo zilichongwa kwa kusomwa kwenye kitabu kidogo cha kushika mkononi, hazikuwa na mapambo ya kadi, na herufi kubwa zake zilisimama wima. Hapo paibe! N ya mkia ikikusumbua weka N iliyosimama, zinazofuata zilale, utaona jina linavotulia. Na usiandike NIKAHI yote kwa herufi kubwa za mikia, zinagombana zenyewe kwa zenyewe.

Halafu kuna jambo waliochora fonti hizi sidhani kama walituwaza sie. Maneno yetu karibu yote yanaishia irabu. Andika "Familia ina furaha ya kuwaalika", maneno matano, yote yanaishia a, ukiwasha mikia ya mwisho unapata mikia mitano mstari mmoja, kama pweza kaanikwa. Uwache mmoja tu, wa kuwaalika, mengine zima.

Kwa hiyo majina ya maharusi fonti yako, kubwa, na nafasi ya kutosha pembeni mkia usije ukakatwa na mkasi. Siku, saa, ukumbi fonti ya kawaida iliyosimama, pointi 11 au 12. Chapa moja kwanza umpe bibi yuleyule, bila miwani. Na namba za simu zisiwe na mkia hata kidogo, 1 ikifanana na 7 mtu anampigia muuza pweza Wete.